Wanaitikia "tumeelewa", nikisahihisha madaftari nakuta patupu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 28, nafundisha Hisabati katika shule ya kata mkoani Singida. Nina mikondo miwili ya kidato cha pili, mmoja una wanafunzi 84 na mwingine 79. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini.

Tatizo langu ni hili. Naingia darasani, naandika mada ubaoni, natoa mfano wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo mwalimuuu!" Nauliza tena, "Nani hajaelewa?" Kimya. Nawapa zoezi la maswali matano. Nikikusanya madaftari, wanafunzi kama kumi na wawili ndio wamefanya kitu cha maana. Wengine wamenakili kwa hao mpaka makosa yao, na waliobaki wameandika tarehe na kichwa cha somo, basi. Nikimsimamisha mtu kwa jina, anatazama chini, anakunja vidole, na wenzake wanaanza kucheka. Kuna wanaotembea zaidi ya saa moja kila asubuhi kuja shule, halafu wanakaa hivyo mpaka kengele ya mwisho.

Nimejaribu kuwagawa katika makundi ya watu kumi kumi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba mwanafunzi ndiye awe kitovu cha somo. Kila kundi alifanya kazi mmoja, wengine wakapiga soga, na mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kinachonichanganya zaidi ni msichana mmoja wa mkondo wa pili. Jumamosi moja nilimkuta gulioni akiuza vitunguu na mama yake. Nilichukua mafungu saba, kila fungu shilingi 1,500, nikampa noti mbili za elfu kumi. Alinirudishia 9,500 papo hapo, bila kalamu wala simu. Jumatatu nikamwita ubaoni kwa swali ambalo kwangu ni jepesi kuliko hilo, 45 − 6 × 4. Alisimama na chaki mkononi mpaka nikamwambia akae.

Walimu wenzangu wanasema mimi ni mpole mno, kwamba watoto wa huku bila fimbo hawaendi. Mkuu wa shule anataka matokeo ya upimaji wa Novemba yapande, na ananikumbusha kila kikao kwamba niko nyuma ya azimio la kazi. Mimi nimefikiria kutoa zawadi ya madaftari na kalamu kwa kumi bora kila mwezi, kwa mfuko wangu. Wakati mwingine nafikiria kuomba uhamisho niende shule yenye kidato cha tano na sita, ambako wanafunzi wanajua wanachokitafuta.

Naomba unisaidie. Watoto hawa ni wavivu, hawaipendi shule, au mimi ndiye sijui kufundisha? Na nishike kipi, fimbo au zawadi?

Mwalimu wa Hisabati, Singida


MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mwalimu mwenzangu.

Barua yako yenyewe imeshajibu swali la uvivu. Mvivu hashindi juani akiuza vitunguu na kurudisha chenji bila kukosea. Asiyeipenda shule hatembei saa nzima alfajiri kuifuata. Na asiyejua kufundisha hasomi madaftari 163 kwa makini kiasi cha kutambua nani kanakili makosa ya nani. Ninachokiona mimi ni watoto ambao hesabu iliwaacha zamani, pengine darasa la nne au la tano, na tangu siku hiyo wamekuwa wakijifunza namna ya kukaa darasani bila mtu kugundua. Wamefika mbali kwa ujuzi huo. Kuitikia kwa sauti moja ni sehemu yake.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto akishapata hamu ndipo ataweza. Katika miaka yote niliyoshika chaki nimeona mambo yakienda kwa mpangilio mwingine: mtoto akiweza kitu, hata kidogo, na akajua mwenyewe kwamba ameweza, hamu inakuja yenyewe. Kwa hiyo usihangaike kutafuta namna ya kuwapa moyo kwanza. Tafuta kitu wanachoweza kukifanya sawasawa wiki hii, uanzie hapo.

Acha kabisa kuuliza "Mmeelewa?" Fikiria unachomwomba mtoto wa miaka kumi na minne. Unamtaka anyanyuke mbele ya wenzake 83, baadhi yao wa kijijini kwake, atangaze kwamba yeye hajui. Na kwa malezi yetu, kumwambia mkubwa kwamba alichokieleza hakikueleweka ni kama kumkosea adabu. "Ndiyo mwalimu" ni jibu la heshima, watoto hawakudanganyi. Swali ndilo bovu.

Badala yake, uliza swali ambalo kila mmoja atalijibu kwa wakati mmoja bila kusimama. Chukua hilohilo la 45 − 6 × 4. Andika ubaoni majibu matatu: la kwanza 21, la pili 156, la tatu 35. Hayo mawili ya uongo usiyaokote hewani. La 156 ni la mtoto aliyetoa 6 kwanza halafu akazidisha kwa 4. La 35 ni la aliyetoa 6 kisha akatoa 4, hakuona alama ya kuzidisha kabisa. Waambie wafikiri kimya, kila mtu peke yake, halafu ukihesabu tatu wote waweke mkono kifuani wakionyesha kidole kimoja, viwili au vitatu. Kifuani, siyo juu, ili jirani asione kwa urahisi. Kwa kutupa jicho mara moja utajua darasa limesimama wapi, na hakuna aliyeaibika.

Kisha, kabla hujasema jibu, waambie wageukie aliye nao dawati moja, kila mtu aeleze kwa nini amechagua alichochagua. Dakika mbili zinatosha. Piga kura ya pili. Utashangaa vidole vinavyohama. Njia hii ndiyo aliyoanza kuitumia Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1991, alipogundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa maswali magumu lakini hawaelewi mambo ya msingi kabisa. Nakutajia Harvard kwa makusudi. Darasa linaloonekana limeelewa kumbe halijaelewa halipo Singida tu, na ubovu wake hautokani na watoto kuwa wa kijijini.

Makundi yako ya kumi hayakufanya kazi kwa sababu kundi la kumi ni mkutano, na kwenye mkutano wanaongea wawili. Shikilia wawili wawili, au watatu pale dawati linapobana. Na ukimwuliza mtu mmoja swali, msubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi na kuandika matokeo yake miaka ya 1970: walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kulijibu wenyewe au kuruka kwa mtu mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa wakinyamaza wakapungua, na hata waliohesabiwa kuwa dhaifu wakaanza kuchangia. Sekunde tatu za ukimya darasani ni ndefu sana kwa mwalimu mgeni. Hesabu moyoni, utazoea.

Sasa nije kwa binti wa vitunguu, maana ndani ya kisa chake kuna somo lako zima.

Alichokifanya pale gulioni, ukikiandika ubaoni, ni 20,000 − 7 × 1,500. Ni swali lenye umbo lilelile la 45 − 6 × 4, tena lenye namba kubwa zaidi. Alizidisha kwanza, akatoa baadaye. Ukimwuliza kwa nini alianza na kuzidisha, hatakutajia MAGAZIJUTO, ile kanuni ya mpangilio wa matendo. Atakwambia kwamba lazima ujue vitunguu vyote ni shilingi ngapi kabla hujatoa kwenye hela ya mteja. Hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kanuni ile, na anayo. Sisi tulimpa MAGAZIJUTO kama wimbo wa kukariri, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, bila kumwonyesha kwamba ni jambo ambalo mkono wake unalifanya kila Jumamosi.

Mambo haya yamechunguzwa vizuri. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wa watoto watano wanaouza vitu mitaani katika jiji la Recife, Brazil. Walikwenda kwao kama wateja, wakanunua nazi na matunda, wakauliza bei ya kiasi hiki na chenji ya kiasi kile. Watoto walipata asilimia 98 ya maswali. Baadaye watafiti wakawaketisha watoto walewale na karatasi, wakawapa hesabu zilezile kama tunavyoziandika shuleni, namba na alama tupu. Wakapata asilimia 37. Maswali yaleyale yalipotolewa kama visa vya kununua na kuuza, bado kwenye karatasi, walifika asilimia 74.

Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi kwa bei ya 35 kila moja. Shuleni tungemwambia aongeze sifuri. Yeye alijua bei ya nazi tatu, 105, akajumlisha tatu nyingine, 210, akaongeza tena tatu, 315, na moja ya mwisho, 350. Njia ndefu, lakini kila hatua alijua anafanya nini na kwa nini. Mtoto wa namna hiyo akiletewa kanuni asiyoijua maana yake, huiacha akili yake mlangoni na kujaribu kukumbuka mwalimu alisemaje. Akisahau, hana pa kushika.

Zitazame tena zile asilimia tatu, 98, 74 na 37. Zinakuonyesha njia ya kupita na somo. Anza na biashara, halisi au ya kuigiza. Nenda kwenye kisa kilichoandikwa. Malizia na namba na alama. Wengi wetu tunaanza na za mwisho, halafu kile kisa tunakiweka swali la kumi la zoezi, ambako watoto wanaojua soko hawafiki kamwe. Aljebra nayo inaingia kwa mlango huohuo. Kama fungu ni shilingi x na nimechukua saba na kutoa elfu ishirini, chenji ni 20,000 − 7x. Bei ya vitunguu inabadilika kila msimu, watoto wa Singida wanalijua hilo kuliko mimi na wewe, kwa hiyo wanajua kwa nini mtu angehitaji herufi badala ya namba. Ukianzia hapo, x haitakuwa kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

Usimwite binti huyu ubaoni kwa sasa. Mfuate akiwa kwenye dawati lake wakati wengine wanaandika, umwambie aandike jinsi alivyopata ile 9,500. Akiandika kwa maneno, sawa. Akichora mafungu, sawa. Wiki inayofuata mwombe amweleze jirani yake. Siku ya ubao itafika, na ataichagua yeye.

Jambo la pili ni kujua hesabu iliwaachia wapi. Tunga maswali kumi ya darasa la nne hadi la saba, kwa Kiswahili, wayafanye kwenye karatasi kwa kipindi kimoja. Waambie wazi kwamba hakuna alama, hakuna kutajwa, unataka kujua uanzie wapi kuwafundisha. Weka kutoa kwa kukopa, kugawanya, kulinganisha desimali, kujumlisha sehemu, na namba hasi. Ukisoma karatasi hizo, usipige mikasi. Tafuta mtoto alifikiri nini. Aliyeandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kwake sehemu ni namba mbili zilizopangwa juu na chini, bado haijawa namba moja. Ukimfundisha KDS (kigawe kidogo cha shirika) leo atakariri na kesho atasahau. Anahitaji kukata karatasi kwanza, aone kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Aliyesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.5 ameona thelathini na tano dhidi ya tano. Aliyesema 3 − 8 ni 5 amegeuza namba ili kutoa kuwezekane, kwa sababu huko nyuma mtu alimwambia huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo. Alimtii mwalimu wake.

Utakuta makosa ya watoto 163 hayazidi aina saba au nane. Huo ni mzigo unaobebeka. Watoto walioachwa nyuma namna hii ni wengi Afrika Mashariki yote. Upimaji wa Uwezo, ulioanza kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2009 na 2010, ulitumia maswali ya kiwango cha darasa la pili, na ulikuta watoto wengi wa madarasa ya juu ya msingi hawayawezi. Huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, shule ziligawiwa vitabu vya kiada miaka ya 1990, na watafiti wakafuatilia. Kwa wastani matokeo hayakupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho wengine hawakukifikia. Zile mada unazokimbizana nazo kwenye azimio la kazi, kwa watoto wako wengi, ni kama vile vitabu.

Najua mkuu wako atasema nini. Silabasi. Sikwambii uitupe. Chukua dakika kumi na tano za mwanzo wa kila kipindi, uzitoe kwa kosa moja kati ya yale saba au nane, lile linalozuia mada ya siku hiyo. Unafundisha milinganyo, basi robo saa hiyo ni ya namba hasi. Unafundisha sehemu za aljebra, basi ni ya nusu na theluthi. Zilizobaki endelea na mada yako, kwa mifano miwili badala ya mitatu. Pale unapopata vipindi viwili mfululizo, wapange kwa kosa wanalolifanya, siyo kwa akili, na mpango ubadilike kila wiki chache. Mtoto akijua yuko kundi la namba hasi mpaka azijue, anafanya kazi. Akijua yuko kundi la wajinga mpaka Novemba, unamwagiza atoroke. Shirika la Pratham la India limefundisha watoto kwa mpango wa namna hii, kwa kiwango alichopo mtoto bila kujali yuko darasa la ngapi, na njia hiyo imeshaenea nchi kadhaa za Afrika.

Na lugha. Hukuitaja kwenye barua, lakini nina hakika iko nyuma ya ule ukimya. Watoto wako walisoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mradi wa LOITASA, wa kuchunguza lugha ya kufundishia, ulioanza mwaka 2002 ukiwashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Martha Qorro, ulilinganisha madarasa ya sekondari yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Kwenye Kiswahili wanafunzi waliuliza, wakabishana, wakajibu vizuri zaidi. Kwenye Kiingereza walinyamaza. Mtihani wako unakuja kwa Kiingereza na hilo huwezi kulibadilisha wewe. Kwa hiyo waache wafikiri na kujadiliana dawatini kwa Kiswahili, au kwa Kinyaturu kama ndicho kinachotoka haraka, kisha mwisho wa kila hatua mwandike pamoja sentensi moja ya Kiingereza inayosema mlichokifanya. Yale maneno machache ya Kiingereza ambayo mtihani hutumia kuamuru mtu arahisishe, akokotoe au atafute thamani, yabandike ukutani na uyafundishe kama msamiati. Wapo watoto wanaoacha swali wanaloliweza kwa kutojua wameambiwa wafanye nini.

Sasa fimbo. Sitazunguka. Mtoto asipigwe kwa kutojua jibu. Hata kanuni zetu za mwaka 2002, ambazo bado zinaruhusu viboko shuleni, zinasema ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosa sehemu ya namba siyo kosa la nidhamu. Weka sheria pembeni, tazama hesabu yenyewe: mtoto anayeogopa anatumia kichwa chake kuogopa. Nafasi ya akilini anayohitaji kushikilia 6 × 4 huku akikumbuka 45 imejaa wasiwasi, na utafiti wa hofu ya hesabu umeonyesha hivyo mara nyingi. Wenzako wanasema fimbo inawafanya waende. Inawafanya wanakili kwa bidii. Wewe unayaona hayo madaftari.

Hicho kicheko anachochekwa anayekosea nacho kifanyie kazi mapema, kwa sababu kinafanya kazi ileile ya fimbo. Weka kanuni moja darasani, uisimamie bila kuchoka: jibu la mtu linajadiliwa, halichekwi. Halafu tumia majibu yenye makosa kama zana. Andika ubaoni kosa bila jina, "kuna mtu mahali fulani alifanya hivi, alifikiri nini?" Waache walitetee kosa hilo kwanza kabla ya kulisahihisha. Wakishaona kosa linaheshimiwa kiasi hicho, mikono itaanza kunyanyuka.

Zawadi ni jambo gumu kidogo, na watu wanalijibu kwa haraka. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliandika kuhusu watoto wadogo wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi kwa kuchora, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa upande mwingine, hapohapo Busia, wasichana wa darasa la sita walishindania ufadhili wa masomo miaka ya mwanzo ya 2000, na matokeo yalipanda hata kwa wasichana waliokuwa na nafasi ndogo ya kushinda. Kwa hiyo zawadi siyo sumu. Lakini ule ulikuwa ufadhili wa kulipia shule, kitu kinachoweza kubadilisha mipango ya familia. Madaftari yako kwa kumi bora yatakwenda kwa walewale kumi na wawili kila mwezi, na wengine 150 watathibitishiwa kila mwezi kwamba siyo wao. Usitoe mfukoni. Hela yako ina kazi.

Fanya hivi badala yake. Ukurasa wa mwisho wa kila daftari uwe wa mwanafunzi mwenyewe. Aandike yale makosa saba au nane, na kila analolimudu aweke tarehe na swali moja alilolipata kama ushahidi. Halinganishwi na mtu. Ukipita kwenye dawati, soma ukurasa huo kwanza, umtajie alichokifanya: "Wiki mbili zilizopita ulikuwa unageuza 3 − 8, leo hujageuza." Usimwambie ana akili. Mwambie alichofanya na namna alivyokifanya, ili ajue cha kurudia.

Usiendelee kusahihisha maswali matano kwa watoto wote. Hayo ni majibu 815 kwa zoezi moja, utachoka kabla ya muhula kwisha, na mwalimu aliyechoka hana subira ya sekunde tatu. Mwisho wa kipindi toa swali moja, wajibu kwenye kikaratasi, uyapange mafungu matatu: waliopata, waliokosa kwa namna moja inayofanana, na walioacha wazi. Kazi ya muda mfupi, na tayari unajua kesho unaanza na nini. Mazoezi marefu wabadilishane madaftari dawatini, wasahihishe pamoja nawe ubaoni.

Kwa mkuu wa shule usiende na malalamiko, nenda na zile karatasi za maswali kumi. Mwonyeshe ni watoto wangapi wa kidato cha pili wanaojumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano. Mwombe akuruhusu robo saa hizo kwa muhula mmoja, uwapime watoto tena kwa maswali yaleyale. Wakuu wengi wa shule wanasukumwa na walio juu yao kama wewe unavyosukumwa, na wanashukuru wakipewa kitu cha kuonyesha. Usimwahidi kwamba Novemba kila mtu atafaulu. Watoto walioachwa miaka minne hawarudi wote kwa miezi minne. Mwahidi kwamba madaftari matupu yatapungua, maana hilo lipo ndani ya uwezo wako.

Uhamisho ukiutaka kwa sababu ya mwenza, wazazi au afya, omba, ni haki yako. Ukiutaka kwa sababu kidato cha tano wanajua wanachokitafuta, subiri kwanza umalize muhula mmoja kwa utaratibu huu. Tunga maswali yako kumi wiki hii, na kabla hujayatoa nitumie niyaone. Kwenye la namba hasi, weka moja la deni la dukani na moja la namba tupu, uone watoto wako wanapotelea wapi kati ya hayo mawili.